Likizo ya Familia Mwanza Bila Kukanyaga Hifadhini

Watu wengi wanaopanga kuja Mwanza na familia huanza kwa kuuliza bei ya gari la kwenda Serengeti, kana kwamba hoteli ya ufukweni ni mahali pa kulaza mizigo tu. Mimi na mume wangu tumezoea kufanya kinyume: tunachukua vyumba kando ya ziwa, tunakuja na watoto pamoja na bibi yao, na hifadhini hatukanyagi. Kutoka mjini hadi geti la Ndabaka, ukishapita Lamadi, ni mwendo wa saa mbili au zaidi, na hapo ndipo safari ndefu ya kuelekea Seronera, katikati ya hifadhi, inapoanza. Mtoto mdogo na bibi mwenye magoti mabovu hawaifurahii siku ya namna hiyo, hata simba wakijipanga barabarani. Watoto waelezwe hivyo kabla mizigo haijafungwa, kwa maana aliyeahidiwa tembo hatulizwi na bwawa la kuogelea.

Faida kubwa ya mpango huu ni asubuhi. Wageni wa hifadhini huondoka kungali giza wakiwa na vifurushi vyao vya chakula, na ifikapo saa tatu bwawa lote limebaki kwa familia mbili tatu, hivyo huo ndio wakati wa kumfundisha mtoto kuelea bila kupigwa vikumbo. Kabla ya kulipia, piga simu uulize kina cha bwawa la watoto na kama yupo mwangalizi, kwani picha za mtandaoni hazielezi hayo. Ziwani watoto wasiingie kabisa: vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji tulivu ya pembezoni, hasa penye majani, na hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi.

Sato mzima aagizwe kabla njaa haijaanza kuuma, kwa sababu jiko linalompara samaki magamba baada ya kuagizwa halina haraka, na samaki wa namna hiyo ndiye mtamu. Mama mkwe wangu huanza na kichwa, akimtolea mjukuu mdogo ile nyama ya shavuni isiyo na miiba.

Mkichoka kukaa, pandeni kivuko cha Kamanga kwenda na kurudi. Nauli ni ndogo na watoto huliona jiji na mawe yake kutoka majini. Kisiwa cha Saanane nacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ila sisi tunaridhika kukitazama tukiwa barazani. Matembezi ninayoyasisitiza ni Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 chini ya Padri David Clement kutoka Kanada. Hapo bibi hahitaji kuongozwa na mtu: akifika kwenye ngoma, huwasimulia wajukuu ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hadi wageni wengine wakasogea kusikiliza.

Kuhusu vyumba, vinavyotazama ziwa upande wa magharibi hupigwa na jua kali alasiri, kwa hiyo hakikisheni kiyoyozi kinafanya kazi kabla hamjafungua mizigo. Fedha ambayo ingelipia gari na viingilio inatosha kuongeza usiku mwingine, nanyi mkiuchagua usiku wa Jumapili, wakati wageni wa mwisho wa wiki wanaondoka, ombeni punguzo bila kuona haya.