Jibu kwa aliyeuliza: je, motari wa Goma anaweza kuishi kwa mbio za spidiwei?

Mdogo wangu, umeuliza kama motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliyezoea mchanga mweusi wa volkano anaweza kuwa mwendeshaji wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, na kama mchezo huo humlisha mtu. Nimebeba abiria kwa miaka kumi na mmoja kati ya Ndosho na Birere, na mbio hizo nimezifuatilia kwa video kwa muda mrefu.

Pikipiki yenyewe haina breki hata moja. Ina gia moja, injini ya sentimita za ujazo 500 inayotumia methanoli, na uzito wake hauruhusiwi kupungua kilo 77. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne wakikata kushoto, na pointi ni 3, 2, 1, na sifuri kwa wa mwisho.

Ugumu uko kwenye kona. Siku moja, nikitelemka karibu na Katindo, gurudumu la nyuma liliteleza kwenye kokoto, nami nikafanya kile ambacho kila motari angefanya: nikaachia mafuta na kukanyaga breki. Tairi likashika ghafla, pikipiki ikasimama wima na kunipeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe. Kovu la goti ninalo hadi leo, na abiria, namshukuru Mungu, alikuwa ameshuka muda mfupi kabla. Mwendeshaji wa spidiwei hufanya kinyume: huelekeza usukani kulia huku akikata kushoto, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma ukiburutwa chini, na mkono ukiendelea kuvuta mafuta, kwa sababu gurudumu la nyuma linaloteleza ndilo linalomgeuza. Kwa hiyo mazoea yetu yatakusaidia kutoogopa utelezi, lakini mkono wako utalazimika kufundishwa upya.

Kuhusu maisha, mtazame Ivan Mauger wa New Zealand. Aliondoka kwao akiwa kijana wa miaka 17, mwaka 1957, akajiunga na timu ya spidiwei ya Wimbledon huko Uingereza, akashindwa kupata nafasi ya kudumu na kurudi nyumbani. Alirejea mwaka 1963 kuendesha kwa ajili ya timu ya Newcastle, kisha akatwaa ubingwa wa dunia mara sita: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979, huu wa mwisho akikaribia miaka 40. Alisifika kwa kuondoka haraka kamba za kuanzia mbio zinaporuka, na mimi naona hapo ndipo mbio nyingi huamuliwa, maana anayebaki nyuma hula vumbi la wenzake.

Fedha zipo, ila kwa wachache. Mwendeshaji hununua injini zake, humlipa fundi wake, na sehemu kubwa ya malipo yake hutegemea pointi anazozipata. Ndiyo maana wengi huendesha katika ligi za Poland, Sweden na Uingereza ndani ya msimu mmoja. Akivunjika mfupa, pointi hukoma, lakini fundi bado anadai.