Mpangaji yumo ndani, na leo ndiyo siku ya kukabidhiwa nyumba

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Kwa akiba yangu na mkopo wa mshahara nimenunua nyumba ya kwanza maishani mwangu, huko Likombe. Tulisaini mkataba kwa wakili, nikalipa sehemu kubwa ya bei, na tukakubaliana kwamba siku ya kumalizia fedha ndiyo siku ya kupewa funguo na hati. Siku hiyo ilipowadia nilikuta chumba cha uani kina mpangaji mwenye risiti ya kodi ya miezi sita ambaye hajaambiwa lolote, mke wa muuzaji yuko Masasi na hajasaini, na kodi ya serikali ya kuuza nyumba, inayolipwa Mamlaka ya Mapato (TRA), haijalipwa. Dalali ananihimiza nimalizie kwa sababu eti kuna mteja mwingine kutoka Dar es Salaam. Je, nilipe?

JIBU: Ndugu Mwalimu, usilipe fedha iliyobaki mpaka mambo hayo matatu yamalizike, kwa kuwa salio hilo ndilo linalomfanya muuzaji akuhitaji, ukishalitoa, kila kilichobaki utakipata kwa hisani yake au kwa kesi. Mteja wa Dar es Salaam asikutie hofu, kwani mkataba wako umekwisha kusainiwa na muuzaji amepokea fedha yako, hivyo hawezi kukugeuka bila kuwajibika kisheria.

Jambo zito kuliko yote ni saini ya mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, na kinampa yule ambaye hakuulizwa maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Haidhuru hati iwe na jina la mume peke yake. Watu wengi hudhani kwamba saini ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili inatosha, halafu baada ya muda mama mwenye nyumba anatokea na watoto wake, na anayepanda ngazi za mahakama ni mnunuzi. Masasi si mbali: mama huyo aje asaini mbele ya wakili wenu, au asaini hati ya ridhaa mbele ya wakili aliyeko huko, akiwa amesomewa bei na masharti yote na kuyaelewa. Usikubali kuambiwa kwamba amekubali kwa simu.

Kuhusu mpangaji, nakuomba umtazame kwa haki, kwa sababu naye ametoa fedha yake na kuuzwa kwa nyumba hakufuti mkataba wake wa upangaji. Kaeni watu watatu, wewe, muuzaji na mpangaji, risiti ikiwa mezani. Ama muuzaji amrudishie kodi ya miezi iliyobaki na ahame kwa tarehe mtakayoiandika, ama wewe umpokee kama mpangaji wako na kodi ya miezi hiyo ikatwe kwenye salio unalodaiwa. Lolote mtakaloamua liandikwe na wote watatu msaini, kwani maneno ya uani hayatakusaidia mbele ya baraza la ardhi.

Kodi ya TRA ni ya muuzaji, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida aliyoipata, na bila cheti cha TRA Msajili hatasajili uhamisho. Sehemu yako ni ushuru wa stempu. Ukilipa ya kwake kwa ahadi ya kuhesabiana baadaye, umempa mkopo usio na dhamana. Afadhali mkubaliane kwamba wakili ailipe moja kwa moja kutoka katika salio lake.

Siku mtakayorudi kukamilisha, jaribu kila ufunguo katika kila mlango, kisha nunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kidogo mbele ya muuzaji. Karatasi ya tokeni itaonyesha makato ya kodi ya jengo, nawe utabaini iwapo kuna deni zaidi ya makato ya mwezi huo. Deni la maji uliza MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara.

SWALI: Nataka kununua nyumba Lindi mjini, lakini hati ina jina la marehemu baba wa muuzaji. Muuzaji ana barua ya kikao cha ukoo inayomruhusu kuuza. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi. Kikao cha ukoo humpendekeza tu msimamizi wa mirathi, na mahakama ndiyo humteua. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi aliyeteuliwa, baada ya jina lake kuingizwa katika hati kwa wadhifa huo. Fanya upekuzi katika ofisi ya Msajili kabla ya kutoa hata fedha ya kishika uchumba, uone jina lililopo na kama kuna rehani au zuio. Warithi wengine nao waandike kwamba wanafahamu mauzo hayo, hasa dada zake walioolewa mbali, kwa maana hao ndio husahaulika katika vikao vya namna hiyo ilhali urithi ni wao pia.