Dawa za akili: nimemeza miaka kumi na kitu, nimetupa mara mbili

Mtoa mada pole sana. Nimesoma uzi wako tangu asubuhi mpaka mteja kaniambia fundi leo unashona simu, nikaona siwezi kupita kimya.

Kwa mliochelewa: jamaa anasema dada yake wa miaka 22 alikaa siku nne hajalala, anaongea peke yake, wakampeleka hospitali, daktari kamuona dakika kumi kaandika skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini visivyokuwepo, na vidonge vya olanzapini. Jumapili mchungaji kasema avitupe. Mjomba wao, msomaji wa mambo ya mitandaoni, kasema haya magonjwa wameyatunga wazungu ili wauze dawa. Anauliza ameze au atupe.

Mi sio daktari, ni fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, na hizo dawa nimezimeza. Mara mbili nimezitupa. Kwahiyo nitaongea kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Ilinianza 2013. Nilikuwa nashona sare za sendoff, nikapokea vitenge vya watu 40 na advansi zao. Usingizi ukakata. Mwanzo nikaona baraka, nashona usiku kucha asubuhi sijachoka, mishono inakuja kichwani kama maji ya bomba lililopasuka, napigia watu simu saa tisa usiku nawaambia nafungua kiwanda. Usiku wa tatu cherehani ikaanza kuniongelesha. Siku ya tano cherehani yenyewe nikampa mama ntilie wa jirani, hela za watu nikazigawa kijiweni kwa bodaboda, na vitenge nilivokuwa nimeshakata we acha tu, mikono mitatu mitatu.

Mama akasema ni majini ya upande wa baba. Wiki mbili kwa mganga, sitazieleza maana mnazijua, ilienda mbuzi na laki tatu. Ndo tukafika hospitali moja, mji sitautaja. Wakanishika wanne wakanichoma.

Sasa sikiliza hii. Kesho yake jioni shingo ikaanza kupinda yenyewe kuelekea bega la kushoto. Macho yakageuka juu, ulimi ukatoka nje hauingii. Akili ilikuwa imeshaanza kurudi, naelewa kila kitu ila siwezi kutamka. Mama mkubwa akapiga yowe, limepanda! limepanda lenyewe! akaanza kukemea, ndugu wa wagonjwa wengine wakajaa, mmoja akaleta mafuta ya upako. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, akaja anatembea taratibu tu na sindano mkononi, akasema pisheni, hili jini nalijua linaitwa haloperidoli. Nusu saa haikuisha shingo ikarudi. Ni madhara yanayojulikana kabisa ya ile dawa niliyochomwa, misuli inakaza, na dawa ya kuyatoa ipo. Ila kabla ya kunichoma hakuna aliyemwambia mama kwamba inaweza kutokea. Mpaka leo kwetu kuna watu wanaapa hospitali ndo iliniletea shetani, na mi siwezi kuwacheka sana, maana aliyenipinda shingo kweli ni dawa.

Nikatoka na kadi imeandikwa skizofrenia, vidonge vya haloperidoli mara tatu kwa siku na sindano ya kila mwezi. Sauti zilikata, usingizi ulirudi, hilo siwezi kukana. Lakini mikono ikawa inatetemeka. Fundi anayetetemeka mnaelewa? Uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Naita mtoto wa jirani aniingizie, uzi ukikatika namuita tena mpaka akawa ananikimbia. Natembea mikono haichezi, mate yanalowesha mto. Kaka yangu akasema bora ulivokuwa kichaa ulikuwa unacheka. Nikaenda kliniki nikasema, nikajibiwa dada ugonjwa wako ndo ulivyo, meza tu. Ilikuwa dozi. Nimekuja kujua baadae.

Basi mwezi wa nane nikatupa. Niliombewa, nikasimama mbele nikatoa ushuhuda, nikavimwaga chooni. Wiki tano nilikuwa mtu mpya kabisa, nalia nikisikia wimbo, mikono imetulia. Wiki ya sita usingizi ukaanza kukata. Ya saba nilikutwa stendi na nguo ya kulalia nagawa viatu vyangu. Siwalaumu kanisani, mimi mwenyewe nilitaka iwe kweli.

Sasa jina la ugonjwa. 2015 nikakutana na daktari mwingine, binti mdogo tu, akakaa na mimi na mama karibu dakika arobaini. Anauliza vitu vya ajabu: sauti zilitangulia au usingizi ulikata kwanza? Ile hela uliigawa ukiwa unajisikiaje? Kabla ya hapo uliwahi kuzama, wiki nzima hutaki kuamka? Mama akakumbuka nilivyomaliza fomu four nikalala mwezi mzima tukasema ni uvivu na mapenzi. Daktari akakata skizofrenia kwenye kadi akaandika baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kuzama. Mtu yule yule, kichwa kile kile. Nilikasirika ujue. Miaka miwili natembea na jina la mtu mwingine.

Nikaanza kusoma, nikakuta sio mimi peke yangu. Miaka ya 60 kwenda 70 watafiti walilinganisha madaktari wa New York na wa London, wakakuta wa New York wanaandika skizofrenia kwa wingi kuliko wenzao, na wengi kati ya hao wagonjwa kwa vigezo vya London walikuwa na matatizo ya hisia, kupanda na kuzama kama mimi. Yaani ungepanda ndege ugonjwa wako ungebadilika jina njiani. Kelele kama hizo zilichangia Wamarekani mwaka 1980 kutoa upya kile kitabu chao cha vigezo, DSM, chenye masharti ya dalili kadhaa na muda kadhaa. Vigezo vinapangwa na kamati za watu wanaokaa kubishana. Kwahiyo mjomba akisema hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia yuko sahihi, hakipo. Cha baipola pia hakipo.

Na akisema wazungu wametumia hii fani vibaya namuongezea mimi. Mwaka 1851 daktari mmoja wa kule kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitunga ugonjwa akauita drapetomania, ugonjwa unaomfanya mtumwa atoroke kwa bwana wake! Dawa aliyoshauri ni viboko. Huko mbali, njoo jirani hapa Nairobi. Hospitali ya Mathari enzi za ukoloni iliongozwa na J.C. Carothers, huyu aliandika kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, akatufananisha na mzungu aliyekatwa ubongo kwa upasuaji. Maandishi hayo yalichapishwa 1953 na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kuandika ripoti ya Mau Mau, watu wananyang'anywa ardhi yeye anachambua saikolojia yao. Kwahiyo ukiwa na wasiwasi na mtu wa koti jeupe anayekuita mgonjwa, wasiwasi wako una historia.

Ila mjomba akishafika hapo anaruka mto mzima. Ile siku ya tano mimi sikuhitaji mzungu aniambie siko sawa. Mganga alijua, mama mkubwa alijua, bodaboda waliokula hela walijua vizuri tu. Neno wazimu lipo kwenye Kiswahili kabla hospitali ya akili ya Mirembe haijajengwa Dodoma mwaka 1927. Wote walikubaliana naumwa, ugomvi ulikuwa ni naumwa nini na nani alipwe.

Na hilo la kuuza dawa. Kampuni zinatafuta faida, nani atabisha. Lakini chukua lithiamu, dawa kongwe ya baipola. Aliyeiibua ni John Cade wa Australia mwaka 1949, alikuwa anawadunga simbilisi kwa kazi nyingine akaona wanatulia. Ni chumvi ya asili, hakuna kampuni inayoweza kuimiliki peke yake, Marekani hawakuipitisha mpaka 1970. Mi sijawahi kuionja! Kila nilipouliza niliambiwa inahitaji kupima kiwango chake kwenye damu kila mara, ikizidi kidogo inakuwa sumu, na kipimo hapo hakuna. Mjomba anaogopa tunarundikiwa dawa, mi miaka yote hii nahangaika kuzipata. Mara ngapi nimefika dirishani naambiwa zimeisha mama, kanunue nje.

Kuna mkuu hapo juu kaandika utafiti wa 2022 umethibitisha dawa za sonona, ile huzuni nzito ya kuugua, ni utapeli. Hapana. Joanna Moncrieff na wenzake wa London walisema ile hadithi kwamba sonona inatokana na upungufu wa serotonini, kemikali ya kwenye ubongo, haina ushahidi wa kutosha, na mi nawapongeza maana tuliambiwa kama vile imepimwa. Kama dawa inasaidia au haisaidii hilo ni swali lingine. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, zote zilizidi kidonge bandia, ila kwa wastani sio kwa tofauti kubwa sana. Ndo hivo, zinasaidia kiasi, kuna mtu zinamuokoa na kuna mtu anaambulia kuharisha tu na kukosa hamu ya mumewe.

Turudi kwangu. Baada ya kuandikiwa baipola nikapewa kabamazepini, dawa ya kutuliza kupanda na kuzama, haloperidoli ikapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mitano mpaka ikaisha. Mikono ikarudi. Hapo ndo nikajua dozi ni kitu cha kujadiliana, kumbe unaweza kumwambia daktari hii inaninyima kazi na dunia isianguke. Ila na huko kulikuwa na shimo. Nilikuwa nimeweka kijiti cha uzazi mkononi, nikapata mimba na kijiti kikiwa mkononi. Mtaani ikawa muujiza. Nesi wa kliniki ya wajawazito ndo alisoma kadi zangu mbili akazilaza mezani pamoja, akasema mama hii dawa yako inakipunguza nguvu kijiti, hakuna aliyekwambia? Hakuna. Wa akili alikuwa hajaniuliza uzazi, wa uzazi hajaniuliza akili. Hofu ya mtoto ikanifanya nitupe mara ya pili, kimya kimya, na safari hii nilizama badala ya kupanda, wiki tatu natazama ukuta. Mtoto namshukuru Mungu yuko darasa la kwanza, ila ile mimba sitamani kuirudia.

Hili namsisitizia dada yako maana ana miaka 22. Leo au kesho akibadilishiwa akapewa valproeti, dawa nyingine ya kundi la kabamazepini, muulizeni daktari habari ya uzazi kabla ya kidonge cha kwanza. Kati ya dawa za kundi hilo yenyewe ndo hatari zaidi kwa mtoto tumboni, inaharibu mgongo na ubongo unaotengenezwa, na mimba yenyewe unaweza usijue unayo mpaka mwezi wa pili.

Kwahiyo umeuliza ameze au atupe. Avitupe hapana. Dakika kumi ni chache na jina walilompa linaweza kubadilika, mimi hapa shahidi, lakini siku nne bila kulala ni hatari bila kujali inaitwaje, na olanzapini angalau itamlaza. Itampa na njaa, atakula ugali wa watu watatu, msimcheke, punguzeni soda ndani. Kama ameacha tangu Jumapili mrudisheni kesho na paketi yake mkononi mseme ukweli kwamba aliacha. Nenda wewe mwenyewe na mtu aliyemuona zile siku nne, ikiwezekana mama yenu, maana mgonjwa hawezi kusimulia usiku ambao hakulala. Ulizeni kama wamepima malaria, tezi ya shingo, kaswende na virusi vya ukimwi, kwasababu kipimo cha skizofrenia hakuna ila vya magonjwa yanayofanana nayo vipo na mara nyingi havifanyiki. Kama alikuwa anavuta kitu semeni, msione aibu. Ulizeni dawa hii madhara yake ni yapi, tukiyaona tufanye nini usiku, na lini tutakaa kuangalia kama dozi ipunguzwe. Akikujibu meza tu, tafuteni daktari mwingine, ila mkimtafuta aendelee kumeza.

Mchungaji aendelee kuombea, hakuna ubaya, mimi naombewa na nameza. Mwambieni tu akiona shingo imepinda asikemee, apige simu.

Mjomba muachie simu yake.

Nimeandika hadi pasi imepoa, nina gauni la mtu la Jumamosi. Nikimaliza jioni nitapita hapa, uniambie wamesema nini kuhusu vipimo. Na kama yuko mbali na hospitali taja mkoa tu, sio jina lake tafadhali, wapo humu watakaojua wapi kuna kliniki ya akili siku gani.