Kabla ya nta, lishughulikie kombe

Mshumaa wangu wa kwanza wa kombe, yaani nta iliyomiminwa ndani ya gamba la baharini, ulipendeza sana kabla sijauwasha. Nilipouwasha, haikupita nusu saa chumba kikaanza kunuka samaki aliyechacha. Kombe lilikuwa jeupe, kavu, halina hata doa, lakini kule ndani lilikojikunja palikuwa na mabaki ya nyama yaliyokauka, na joto la moto likayaamsha. Tangu siku ile, kombe ndilo linalochukua muda wangu. Nta ni kazi ya saa moja tu.

Basi tuanze na kuokota. Chukua lililo tupu. Likiwa na mwenyewe ndani, au kaa mdogo aliyehamia humo, lirudishe ulipolikuta. Na konokono wa bahari mwenye gamba lililochongoka kama pia usimshike kabisa akiwa hai, kwa sababu wapo jamii yake ambao sumu yao imewahi kuua watu.

Tafuta kombe la mdomo mpana, lenye kina cha sentimita 2 hivi au zaidi. Lililo bapa kama kisahani linavutia macho, ila nta yake inakuwa nyembamba na utambi unalala mapema. Yale yenye mdomo mwembamba, kauri zikiwemo, mimi huyapanga pembeni yawe pambo. Moto ukikaa karibu mno na ukuta wa kombe, unaacha masizi na unaweza hata kulipasua.

Kusafisha: loweka kwenye maji baridi siku mbili ukibadilisha maji, kisha chemsha dakika kumi, kisha sugua kwa mswaki wa zamani mpaka kwenye mikunjo. Linuse. Likinuka bado, rudia. Wengi watakwambia utumie siki, nakuomba usiitumie. Nililiweka kombe moja kwenye siki, likaanza kutoa mapovu madogo madogo kama soda, nami nikadhani uchafu unatoka. Kumbe ni kombe lenyewe lilikuwa linaliwa, maana limeumbwa kwa kalisi kaboneti, na asidi huiyeyusha. Ule mng'ao wa ndani, wenye rangi kama za upinde wa mvua, ulififia na haukurudi.

Lijaze maji uone kama linavuja, halafu lianike likauke kabisa. Tone la maji likibaki ndani, nta ya moto itarukaruka, na mshumaa ukiwashwa utachachatika.

Kwa nta, yangu ni ya nyuki. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ikipoa ni ngumu, na ina harufu yake ya asali isiyohitaji manukato. Nta ya soya au ya parafini nayo inafaa (nasema nta, si mafuta ya taa). Yoyote utakayotumia, iyeyushe ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe usiibandike moja kwa moja jikoni, na usiondoke hapo. Ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Ukiimwagia maji, moto utaruka juu na kukuunguza.

Simamisha makombe kwenye bakuli la mchanga mkavu ili yasiyumbe. Chovya utambi kwenye nta, unyooshe, ukipoa ugandishe katikati kwa tone la nta. Hapa ndipo pagumu, kwa kuwa kombe si duara. Utambi mwembamba unazama kwenye nta iliyoyeyuka na kuzimika. Mnene unafuka moshi. Kombe likiwa pana, weka tambi mbili nyembamba badala ya moja nene. Tengeneza moja, liwashe, litazame linavyowaka, ndipo uendelee na mengine.

Mimina taratibu, na usimalize nta yote. Ikipoa husinyaa, na pembeni ya utambi panatokea kishimo. Chokoa kidogo kwa kijiti, ujazie ile uliyobakiza. Usiharakishe kwa kuweka kwenye friji, nta itapasuka.

Siku ya kuwasha, kata utambi ubaki milimita 5 au 6, na uweke mshumaa juu ya sahani isiyoungua, kwa sababu kombe hupata moto kweli. Mimi huuzima nta ikibaki kama nusu sentimita chini. Likipoa naliweka kwenye friza saa chache, nta inabanduka yenyewe, naliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nina kombe moja la waridi lenye ufa mdogo ukingoni ambalo nimeshalijaza mara saba, na wiki hii nalijaza tena.