Maswali yenu: Tunachanganyika, lakini hadi wapi?

Wiki hii wengi mmeuliza jambo lilelile: tunapenda kweli kuishi na watu tofauti na sisi, au ni maneno tu?

Naishi Tabata, Dar es Salaam, mtaa wenye makabila yote. Nimeandika kamati ya harusi ya mdogo wangu: kati ya watu 40, 34 ni wa kwetu Kilimanjaro. Mimi mkabila?

Kaka, mkabila asingehesabu. Kamati hufuata michango: unawaita uliowachangia. Fungua daftari lako uone umewachangia akina nani mwaka huu.

Tusijisifu mno kwamba sisi Watanzania wa makabila 120 na zaidi tumezaliwa tukipendana. Mchanganyiko wetu ulipangwa. Kulikuwa na shule za bweni, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) tangu 1963, na mwalimu wa Bukoba aliyepangiwa Mtwara akaoa hukohuko. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967. Siku hizi hakuna anayekupangia, ni wewe na simu yako. Yule jirani aliyekupeleka hospitali usiku wa manane yumo kwenye hao 40?

Ofisini kwetu Nairobi, wenzangu wakikaa kula wanahamia lugha ya kwao. Nivumilie?

Hapana. Sema, "Jamani, na mimi nataka kucheka." Wengi hawajui hata kama wamehama. Ukisema mara mbili na bado wanaendelea, basi wanajua.

Mimi Mchaga. Kwenye msiba wa baba, watani wetu Wapare walizuia jeneza wakidai hela. Binti yangu aliyekulia London anasema huo ni ubaguzi.

Mwulize aliona nani jikoni siku hiyo. Mtani anayezuia jeneza mara nyingi ndiye aliyekesha na masufuria, na kesho akifiwa yeye ni zamu yako kumsumbua. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo wanataniana. Sijui njia nyingi bora kuliko hiyo za kumaliza uhasama.

Ila binti hajakosea kabisa. Kuna watu wanajificha nyuma ya utani. Kumcheka Mgogo kwamba ni ombaomba, mezani hakuna Mgogo hata mmoja na wewe si mtani wake, huo si utani. Utani unataka mtu wa kukujibu, tena akujibu vibaya zaidi.

Sisi ni Wakristo. Siku zote nimesema sibagui, sasa binti yangu kaleta mchumba Muislamu na usingizi umenipaa.

Pole, mama. Kazini na sokoni sote hatubagui. Shughuli huanza mtu anapotaka kuingia kwenye ukoo. Kisheria hakuna kikwazo: Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu kufunga ndoa ya kiserikali, ile ya bomani. Kinachokunyima usingizi nadhani ni wajukuu: wataitwa nani, watasali wapi. Waulize hayo wote wawili mapema, kabla ya posa.

Kwanza lakini mwite kijana aje kula, Jumanne ya kawaida tu, bila wajomba wala vitenge vya sare. Na kama sufuria zako zimewahi kupika kitimoto, yaani nguruwe, azima nyingine kwa jirani.