Shangazi, jirani anataka kubananisha vyumba vyake na ukuta wangu na mume wangu kakaa kimya

Barua ya safari hii imetoka Mbagala. Naifupisha, maana ilikuwa ndefu na robo yake ni matusi ya jirani ambayo sitayaweka hapa.

"Shangazi shikamoo. Nyumba yetu tulihamia 2011. Jirani yetu ni mama mjane, mtu mzima, kaamua ajenge vyumba viwili vya kupangisha, tofali na mchanga keshamwaga. Anataka kuvibananisha kabisa na ukuta wa jiko langu, na fundi wake nimemsikia kwa masikio yangu anasema ukuta wangu utasaidia wasijenge wa kwao upande huo! Dirisha langu la jiko litazibwa, nikilifungua sasa hivi mbao zake zinakaa upande wa kwake na hajawahi kulalamika, leo ndo anajifanya ana kiwanja. Maji ya bati langu yataenda wapi? Tangu tuongeze jiko imepita zaidi ya miaka 12 na muuza duka hapa kaniambia kisheria pale ni petu. Mume wangu nikimwambia aende akamzuie ananijibu 'muache mama wa watu ajenge'. Mkwe wangu naye yuko upande wa jirani. Nahisi kuna kitu kati ya mume wangu na huyo mama. Nimemwambia achague moja, jirani au mimi. Nifanyeje? Niliyebanwa, Mbagala."

Marahaba mwanangu. Pole, kukaa na jirani anayepandisha ukuta mlangoni kwako sio raha, vumbi, kelele za mafundi, na roho inakuuma kila ukiosha vyombo. Pole yangu inaishia hapo.

Sasa tuisome hii barua yako mimi na wewe, maana nadhani uliandika hukuisoma. Unasema "tangu tuongeze jiko". Kumbe jiko halikuwepo mlipohamia! Jiko mwanangu haliongezwi angani, lazima likae kwenye ardhi ya mahali. Alafu unasema dirisha ukilifungua mbao zinakaa kwa jirani, na maji ya bati yako unayaulizia yataenda wapi kana kwamba leo yanaenda kwako. Yanaenda kwake! Miaka yote hiyo masika yakishuka, bati lako linamwaga kwenye uwanja wa mama wa watu anazoa matope, na kwa maneno yako mwenyewe hajawahi kulalamika. Ukuta wa jiko lako uko juu ya mpaka, kama haujauvuka. Ile nafasi ya kupita mtu kati ya nyumba na nyumba, ambayo leo unaililia, mliila nyinyi kwanza. Yeye akijenga mwisho wa kiwanja chake anakuwa mbaya, nyinyi mlipojenga mwisho wa chenu (na pengine mwanzo wa chake) mlikuwa mnaendeleza familia. Mkuki kwa nguruwe.

Na hapo ndo nalielewa lile jibu la mumeo. Wewe umeshalitafsiri, una mchepuko wa kichwani tayari, mama mtu mzima ambaye kwa nilivyosoma anaweza akawa amemzidi mkwe wako umri. Mi nakwambia mumeo ana deni. Mwanaume anayejua yuko kwenye haki yake haambiwi mara mbili aende mpakani, utamkuta kashafika na kamba na mashahidi. Huyu wako anajua alipolijenga lile jiko alienda kumuomba yule mama, au marehemu mumewe, na akaambiwa "jenga tu mwanangu, na mimi siku nikitaka usinizuie". Siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa ila mkwe wako kusimama na jirani badala ya mwanawe ni jambo la kukushtua. Wakwe wa kwetu huku hawasimami na jirani bure. Mkwe wako anajua kitu, pengine alikuwepo siku ya maneno hayo. Wewe umewahi kumuuliza au umemnunia tu?

Hili la miaka 12 nalo nilimalize, maana muuza duka atakufikisha pabaya. Ni kweli Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake, ikipita bila kudai anaweza kuipoteza. Lakini aliyekaa mahali kwa ruhusa ya mwenyewe hahesabiwi hivyo. Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba mgeni mwalikwa hawezi kumgeuka aliyemkaribisha, akae miaka 12 akae 30. Kama jiko lilijengwa kwa ridhaa ya jirani, hiyo miaka unayojivunia inahesabu wema wake tu. Na ukienda kupiga kelele kuhusu mpaka, mpima atakuja, na mpima akija hapimi upande mmoja. Bikoni, zile alama za mpaka, zikionekana ziko ndani ya jiko lako utafanyaje? Utamwambia azisogeze?

Lakini sikwambii ukae ukitazama. Yule fundi wake ni wa kuogopwa kuliko yeye. Ukuta wa jiko lako ni wako, hakuna mtu wa kuufanya ukuta wake wa nne bila kukubaliana, asiuchimbie, asichomeke mbao za kenchi humo, asipigilie chochote. Hilo simama nalo. Na kubwa zaidi ni msingi. Huko kwenu sehemu nyingi chini ni kichanga, na jiko la kuongeza huwa halichimbiwi sana, tunajuana. Fundi akichimba mtaro wake pembeni ya ukuta ukaenda chini kuliko msingi wako, mchanga unaanza kutiririka kutoka chini ya jiko taratibu, unaona ufa mwembamba kwenye kona ya dirisha, wiki ya pili unaingiza kidole. Kwa hiyo mwambieni asichimbe urefu wote siku moja, achimbe kipande, ajenge, ndo aende kipande kingine, na asichimbe mvua ikiwa inanyesha. Bora zaidi aache nafasi fundi aweze kuingia kupiga plasta, maana kuta mbili zikibanana maji ya mabati yote mawili yanaingia katikati yanakaa humo, na unyevu hauchagui wa mjane wala wa mwenye mume.

Dirisha lile limekwisha, lihesabu hivyo. Toboeni lingine ukuta wa nyuma kabla hajaanza kupandisha. Hasa kama unawasha mkaa humo ndani, jiko lisilo na pa kutolea moshi linaua watu na sio hadithi. Na gata mfunge, maji yaelekee kwenu.

Ukiona jirani hasikii, njia zipo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwanza, aje na mtendaji wasimame pale waone. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, mna haki ya kuuliza kama anacho, ila jiandae naye kuuliza chenu cha jiko kiko wapi. Mkishindwana mnaenda Baraza la Kata, na tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi tena, linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 ndo mnaendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mnaenda kula hela na miaka, na kila asubuhi mnakutana bombani.

Sasa turudi ndani kwako maana mgonjwa mwenyewe yuko huko. Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mke anajua mumewe alionekana WhatsApp saa ngapi usiku, ila hajui kiwanja wanacholala kina karatasi gani, nani aliwauzia, mpaka uko wapi, alikubaliana nini na jirani. Mume naye anaficha deni dogo la maneno miaka na miaka, anaogopa mdomo wa mkewe kuliko baraza. Mficha uchi hazai, na yeye namlaumu, angesema mwaka ule ule leo usingekuwa unamtukana mjane. Ila wewe nawe, ukishamwambia mtu "achague jirani au mimi" juu ya tofali, unategemea akwambie nini? Watoto wenu wakiugua usiku nani alikuwa anabaki nao? Hukuandika, lakini ulisema "hajawahi kulalamika" na mtu wa namna hiyo najua anakuwaga mtu wa aina gani.

Leo usiku, watoto wakilala, muulize mumeo swali moja tu bila kupandisha sauti: siku unajenga jiko ulimwambia nini yule mama? Alafu nyamaza asikike. Kesho muende wote wawili kwa yule mama jirani, wewe ndo umwamkie kwanza. Mkikubaliana andikeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na mashahidi, na kipimo cha kutoka ukuta hadi ukuta kiandikwe kwa namba. Na kama mumeo atakwambia hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote, alijenga tu usiku kwa usiku, basi niandikie tena, hapo nitakuwa na maneno ya kumwambia yeye.