Muulize Fundi: Kontroboksi inasingiziwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina semi, napakia mahindi Kibaigwa kupeleka Singida. Nikishapita Kintinku na kuanza kupanda mlima kuelekea Manyoni, taa ya injini inawaka na gari linakata nguvu, natambaa hadi juu. Nikizima na kuwasha tena linakuwa sawa. Mashine ya kusomea hitilafu ilisoma sensa ya presha ya tabo, nikabadilisha. Tatizo likarudi, na safari hii hata sensa ya presha ya oili imesomeka. Fundi wangu anasema kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, ninunue ya mtumba, na bei yake ni bajaji nzima. Ninunue?
Mwenye gari, Kizota

JIBU: Marahaba. Hiyo pesa iache kwanza.

Kontroboksi ikifa, mara nyingi hufa jumla: gari haliwaki, au silinda moja haipewi mafuta, au mashine ya kusomea haiipati kabisa. Zipo chache zinazoachia lehemu kwa ndani zikawa na vipindi kama vya gari lako, ila hizo tunazifikia tukishamaliza waya. Wewe umeniandikia dalili mbili ambazo naona fundi wako amezipita: mlima, na sensa mbili kulalamika pamoja.

Nianze na hizo sensa. Kontroboksi haizipelekei volti 24 za betri. Inatengeneza volti 5 zake yenyewe, na kwenye injini nyingi waya mmoja wa volti 5 unalisha sensa kadhaa. Waya huo ukigusa chuma popote, au sensa moja ikipiga shoti kwa ndani, majirani wote wanasomeka wabovu. Kwa hiyo usiridhike na jina la sensa, dai namba. Malori mengi hufuata J1939, kanuni ya mawasiliano ya kompyuta za magari makubwa, ambako kila hitilafu ina namba mbili. SPN inataja kinachosomwa: 102 ni presha ya tabo, 100 ni presha ya oili. FMI inasema kimeharibikaje: 3 ni volti kuzidi, 4 ni volti kupungua, 2 ni usomaji unaorukaruka. Ukikuta 102 na 100 zote zina FMI 4, mimi naanzia kwenye waya wa volti 5 wala sigusi kingine.

Chomoa plagi ya sensa ya tabo, washa swichi, pima kati ya waya huo na ethi ya sensa, yaani waya wake wa hasi. Kama volti 5 hazifiki, acha mita hapo hapo uchomoe sensa nyingine moja moja. Volti zikirudi ulipochomoa fulani, umempata. Zimetoka zote na volti hazijarudi, huenda shida iko kwenye wayaringi.

Tatizo ni kwamba likiwa limesimama gereji gari lako ni zima, na hapo ndipo mlima unapotusaidia. Injini ikivuta mzigo hujipinda kwenye raba zinazoibeba, na wayaringi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasisi unavutwa nayo. Ingia uvunguni. Tazama kila mahali ulipobanwa na kipande cha chuma, tazama nyuma ya injini, tazama pale unapokunjika kabini ikilazwa mbele. Unatafuta ganda lililong'aa kwa kusuguliwa. Kagua na raba zenyewe, kwa sababu zikilika injini inacheza zaidi. Kisha washa gari, tingo akodolee mita macho huku wewe unatikisa wayaringi kipande kwa kipande. Inaweza kula mchana mzima. Mafundi wengi hawaipendi kazi hii, na siwalaumu sana: mteja anakubali kulipia sensa mpya anayoiona kwa macho, ila kulipia mtu aliyekuwa anatikisa waya anaona ameibiwa.

Usisahau ethi. Gari likiunguruma na taa zote zikiwaka, weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya kontroboksi. Ikizidi kama volti 0.2, fuata huo waya mpaka ukute kutu au bolti iliyolegea, ukwangue. Kwa nyaya nene za kuleta umeme kwenye kontroboksi usiamini mita peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja bado utakuonyesha volti 24. Chomoa plagi ya kontroboksi, ubebeshe waya huo balbu ya taa kubwa ya wati 70. Ikififia, waya umeoza. Balbu hiyo isiguse kabisa nyaya za sensa, hapo ndipo utakapoiua kontroboksi kweli.

Na mtu asikutoboletoboe waya kwa pini. Sasa hivi ni vumbi tu, lakini mvua zetu za Desemba hadi Aprili zitaingia kwenye kila tundu na waya utaota kijani.

Kuhusu ya mtumba: inakuja na kumbukumbu za gari ilikotoka, pamoja na namba za nozeli na mara nyingi ulinzi wa funguo. Bila kupangwa upya kwa mashine, huenda gari lisiwake kabisa.

SWALI: Fundi, redio ya lori langu nimeichukulia volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Siku hizi asubuhi nikipiga stata dashibodi inazima, kisha kodi (namba za hitilafu) za mawasiliano zinajaa. Yanahusiana?
Dereva, Ihumwa

JIBU: Yanahusiana sana. Betri unayoinyonya inashuka, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, kwa sababu alteneta inaona jumla yao tu, kama volti 28, haijui nani ana njaa. Ukipiga stata, iliyochoka inaanguka, kompyuta zinazima na kuwaka upya, kila moja ikiandika kwamba mwenzake amepotea. Nunua kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, redio ihamie huko. Pima betri zote mbili, kila moja peke yake na ikiwa na mzigo. Iliyolika ukiibadilisha, badilisha na ya pili.